Nyuzi Nne za Saa Nane

Jumatatu, tarehe 1

Tumepewa madaftari mawili kila mtu. La bluu ni la vipimo. Hili jekundu ni la mawazo, na mwalimu ameapa hatalifungua. Basi nitaandika ninavyotaka.

Siku ya kwanza ya likizo mimi nimeamka saa kumi na mbili na kuvaa sare. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wamekaa na nguo zao za kulalia, wakanicheka mpaka nilipokata kona. Wacheke. Kozi ya likizo iko hapa hapa shuleni kwetu, lakini wamekuja na wa shule nyingine tatu. Tuko thelathini na wawili, wa darasa la sita na la saba, wale wote ambao walimu wao wamechoka kusema "wewe mtoto unauliza sana". Kuna kundi la hesabu, kundi la kuunda mashine, na sisi wa sayansi.

Mwalimu wetu ni dada mmoja kijana, ameletwa kwa mkataba wa kozi hii tu. Ukimwambia kitu chochote anakuuliza kwa nini. Kabla ya mapumziko tulishampa jina: Mwalimu Kwanini. Alisikia, akacheka. Nimempenda, sifichi.

Kila mmoja anachagua swali moja na kulifanyia kazi wiki nne. Sharti lake ni kwamba liwe swali la kupimika, na liwe ambalo unaweza kukutwa umekosea. Jumamosi tarehe 27 tunasimama mbele ya mgeni rasmi na wazazi. Watakaosimama vizuri wanapata barua ya Mkuu wa shule kwenda shule ya sayansi ya wasichana, au ya wavulana kwa wavulana. Hiyo barua naitaka kuliko nguo mpya, kuliko simu, kuliko kitu chochote.

Swali langu nilikuja nalo mfukoni. Mdogo wangu Kitinda yuko darasa la pili. Muhula uliopita mwalimu wake alimpigisha magoti mara nne kwa kusinzia darasani mchana. Kitinda huyu ambaye nyumbani kumlaza ni vita! Darasa la kwanza alisomea jengo la zamani, hakusinzia hata siku moja. Darasa la pili wamepelekwa jengo jipya, lile la mabati ya bluu, basi mtoto amekuwa mvivu ghafla. Mimi sikubali. Swali: je, jengo jipya lina joto kuliko la zamani?

Mwalimu Kwanini aliuliza kwa nini nadhani hivyo. Nikasema kwa sababu mdogo wangu si mvivu. Akasema hiyo si sababu, hiyo ni hasira, lakini hasira si mbaya kuanzia. Nikapime.

Jumanne, tarehe 2

Nimepangwa na mtu mmoja wa kutoka shule nyingine. Anajua kila kitu. Ukisema "kama nyuzi thelathini hivi," anasema "kama, au ni?" Tumemwita Kamusi. Wiki nne na Kamusi. Mungu anisaidie.

Jumatano, tarehe 3

Tumetundika vipimajoto viwili, kimoja jengo la zamani, kimoja jengo jipya darasani kwa kina Kitinda. Nilitaka haki iwepo, mtu asije akasema nimependelea. Sasa kila darasa katika shule hii, la zamani na jipya, lina msumari mmoja kando ya ubao, wa kutundikia kalenda. Nikasema basi, msumari wa kalenda huku na msumari wa kalenda kule, mahali palepale, urefu uleule. Hata Kamusi alikosa la kusahihisha. Tutasoma mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa tano, saa nane mchana.

Saa nane ya leo: zamani 31, jipya 38.

Nilisoma mara mbili. Kamusi akasoma mara tatu.

Alhamisi, tarehe 4

Zamani 31, jipya 38. Joto la kufa mtu.

Ijumaa, tarehe 5

Zamani 30, jipya 37. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaondoka.

Jumapili, tarehe 7

Kufua. Kitinda alinisaidia kuanika, ila kila nguo ya pili iliangukia mchangani. Nilimuuliza kule darasani huwa anajisikiaje mpaka anasinzia. Akasema "macho yanakuwa mazito kama yamevaa koti." Nimeliandika kwenye la bluu. Kamusi atasema si kipimo. Potelea mbali.

Jumanne, tarehe 9

Siku tano za vipimo, na kila siku tofauti ni nyuzi saba. Mwalimu Kwanini ameweka grafu yetu ukutani kwenye veranda, ya kwanza kabisa. Mstari wa jengo jipya unapanda kama mtu anayekimbia ngazi. Wenzetu wa mashine walikuja kuitazama. Nilisimama karibu kwa bahati mbaya ya makusudi.

Jioni nilimwambia Mama. Mama ni fundi cherehani, na mwaka huu shule yetu imempa kazi ya kushona sare zote za darasa la kwanza. Alikuwa anakata kola. Aliuliza Mkuu ameiona hiyo grafu? Nikasema bado. Akaendelea kukata, ila polepole.

Jumatano, tarehe 10

Mkuu ameiona.

Niliitwa ofisini saa nne. Mkuu wetu si mtu wa kupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana unashindwa kumkasirikia. Alinikalisha kwenye kiti cha wageni. Akanieleza kwamba jengo lile alilihangaikia miaka sita. Miaka sita aliandika barua, alisafiri, alisubiri kwenye korido za watu. Wakati huo watoto themanini walikuwa wanasoma chini ya turubai, na mvua ikinyesha wanarudishwa nyumbani. Sasa mgeni rasmi wa tarehe 27 anatoka kwa wafadhili walewale waliolijenga, na anakuja kuangalia kama watajenga la pili. Akaniuliza mimi ningekuwa yeye ningependa aone nini ukutani.

Nilimwelewa. Kweli kabisa nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu ni jambo moja na kukubaliana naye ni lingine, nikamwambia kwamba watoto wa darasa la pili wanapigishwa magoti kwa sababu ya joto.

Akasema huenda vipimajoto vyangu ni vibovu. Hapo nikapandwa na hasira. Nilisema, na sauti yangu ilitoka mpaka nje kwa karani:

"Kipimajoto hakidanganyi, Mkuu. Watu ndio wanadanganya."

Akaniambia niende.

Grafu imetolewa ukutani. Mwalimu Kwanini amesema itarudi, ni mambo ya mpangilio tu. Kwa mara ya kwanza nilitaka kumuuliza yeye kwa nini.

Alhamisi, tarehe 11

Mama amepata habari. Karani ni mteja wake. Ameniambia kesho nimwombe Mkuu msamaha, si kwa vipimo, kwa mdomo wangu. Nimesema sawa kwa mdomo. Moyoni nimesema thubutu.

Ijumaa, tarehe 12

Sikuomba.

Jumatatu, tarehe 15

Leo sina la kuandika.

Jumanne, tarehe 16

Haya, naandika. Sikutaka kuandika jana kwa sababu ukiandika jambo linakuwa kweli.

Jana saa saba na nusu niliwahi jengo jipya. Nilichoka kusimama, nikaegemea ukuta wa ubao kusubiri saa nane. Mgongo ukapata moto. Si joto la chumba, ni moto wa kama umeegemea mtu mwenye homa. Nikaweka mkono. Nikaweka shavu. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya jengo.

Nyuma ya ule ukuta ni jiko. Jiko la shule, ambako Mpishi anapika chakula chetu cha kozi. Mafiga matatu makubwa, na yote ameyabana kwenye ukuta kwa ajili ya kukinga upepo. Nilimsalimia, nikamuuliza huwa anawasha saa ngapi. Akasema, "Saa nne, mwanangu, kila siku ya Mungu. Huu ukuta saa nane unaweza kukaanga yai." Alisema kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha shamba lake.

Msumari wa kalenda. Haki yangu yote ile, mahali palepale, urefu uleule, nimekwenda kutundika kipimajoto kwenye mgongo wa jiko. Siku zote nilizopima nilikuwa napima maharagwe.

Na nilishamwambia Mkuu kipimajoto hakidanganyi.

Nilikaa nyuma ya choo cha wasichana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nililia, ndiyo. Wala si kwa huzuni, kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani maana wa kutupiwa alikuwa mimi. Usingizi ulinipitia mbali. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazunguka: hakuna ajuaye. Mpishi hajui kwa nini niliuliza. Nikinyamaza, nyuzi saba zinabaki saba.

Leo asubuhi nilimwambia Kamusi, kwa sababu ilikuwa lazima nimwambie mtu na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nilijua atanicheka, tena kwa sentensi ndefu. Hakucheka. Alikwenda kugusa ukuta. Aliporudi akasema tumebakiwa na siku nane za kupima, zinatosha, na kwamba kamba anayo.

Tukaenda kwa Mwalimu Kwanini, tukasema mbele ya kundi zima. Mimi nilisema. Masikio yaliniwaka. Baadhi walicheka, yule wa mbele alicheka sana. Mwalimu akasema hii ndiyo siku nzuri kuliko zote za kozi hii, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikampenda tena.

Jumatano, tarehe 17

Vipimajoto sasa vinaning'inia katikati ya chumba, huku na kule, kwa kamba kutoka kwenye boriti, mbali na kuta zote. Kamusi alipanda juu ya madawati mawili. Kumbe anaogopa sana kwenda juu. Miguu ilikuwa inamtetemeka na bado alipiga mafundo matatu, huku ananisahihisha jinsi ya kushika dawati.

Saa nane: zamani 31, jipya 35.

Nne. Si saba. Ila nne zipo.

Alhamisi, tarehe 18

Mkuu ameshasikia habari za jiko. Alitupita kwenye veranda, akasimama, akasema kwa upole kwamba mtu mzima akigundua amekosea, anaacha. Nikamwambia nimekosea nyuzi tatu, Mkuu, sikukosea zote saba. Kamusi alinikanyaga mguu. Nikaongeza samahani kwa maneno ya wiki iliyopita, kwamba mdomo wangu ulitangulia. Na hiyo nilimaanisha.

Zamani 31, jipya 35.

Ijumaa, tarehe 19

Zamani 31, jipya 35. Mpishi ameanza kuja mwenyewe saa nane kuuliza matokeo. Anasikitika nyuzi zake tatu hazihesabiwi.

Jumamosi, tarehe 20

Mama aliniita nimshikie kitambaa. Akasema amesikia nimeomba samahani. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, sasa na hilo jengo liache. Sare za darasa la kwanza bado hajamaliza, na za darasa la pili ameahidiwa kwa mdomo tu. Nikamuuliza Kitinda akipigishwa magoti tena atamwambia nini. Akachomoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa. Nimekaa nimemkasirikia mama yangu jioni nzima, na supu yake nimeinywa yote.

Jumatatu, tarehe 22

Mvua. Siku moja tu, ikanyesha kwa fujo kutwa nzima. Chini ya mabati husikii hata unachofikiri. Vipimo vyote viwili 24. Kamusi alisema siku hii nayo inaandikwa. Nimeandika, shingo upande.

Jumanne, tarehe 23

31 na 35. Joto limerudi na hasira.

Jumatano, tarehe 24

Ratiba ya Jumamosi imebandikwa. Sherehe itafanyika kwenye chumba kikubwa cha jengo jipya, lile lile darasa tunalopimia. Wiki mbili zilizopita ilisema saa nane mchana. Leo inasema saa tatu asubuhi.

Nimesimama mbele ya hiyo karatasi nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, tarehe 25

Nataka kuandika hili taratibu.

Leo Mwalimu Kwanini alituita mimi na Kamusi darasani, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na bango kubwa, limechapwa kwa mashine, rangi mbili, zuri kabisa. Juu limeandikwa: MAJENGO YETU YOTE YANA JOTO SAWA. Chini majina yetu mawili.

Nikadhani ni la watu wengine.

Akatueleza. Alikuwa anaongea haraka, haangalii mtu. Alichukua vipimo vyetu vya asubuhi, vya saa tano na vya mchana, akajumlisha, akagawa kwa tatu. Jengo jipya asubuhi ni baridi, mabati yanapoa usiku: 21. Saa tano 29. Mchana 35. Wastani ishirini na nane na kitu. Jengo la zamani lina kuta nene na vigae, halipoi na halichemki: asubuhi 25, saa tano 28, mchana 31. Wastani ishirini na nane. Sawa. Akasema hakuna namba hata moja ya uongo pale.

Na ni kweli. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili. Namba zote ni za kwetu, na hesabu haina kosa, na bango zima ni uongo.

Nikamwambia, "Mwalimu, Kitinda hasinzii kwa wastani. Anasinzia saa nane."

Akasema mkataba wake unaisha Jumamosi, na Mkuu ndiye atakayeandika kama anafaa kupewa mwingine. Akasema nitaelewa nikikua. Mimi nilikuwa namtazama mtu aliyeniambia hasira si mbaya kuanzia. Nilimuuliza kwa nini. Si kwa utani. Nilimuuliza kwa sauti yake mwenyewe, kwa nini, na akaanza kulia, na mimi sikumhurumia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Labda nitamhurumia mwaka kesho.

Sharti ni hili: tunatia sahihi chini ya bango, tunasimama, tunapata barua. Tusipotia, hatusimami.

Sikutia. Nilisukuma kalamu mpaka ikaanguka upande wa pili wa meza.

Kamusi alitia.

Nje alinifuata mpaka kwenye bomba. Alisema baba yake amemwambia bila barua ile asirudi na stori. Alisema yeye si kama mimi. Nikamwambia hilo nililijua tangu siku ya pili. Nilitaka limuume, na lilimuuma, na sikuona raha niliyoitarajia.

Ijumaa, tarehe 26

Mkuu amenifahamisha kupitia karani kwamba kesho si lazima nije.

Jumamosi, tarehe 27

Nimekuja. Kadi ya mwaliko ilisema "wazazi na familia zao", na mimi ni familia ya mama yangu. Nilikaa naye safu ya nyuma kabisa, Kitinda kwenye mapaja yake. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani la heshima. Asubuhi alinichana nywele mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu darasa la nne, na alizivuta kweli. Hakuniuliza nina mpango gani. Sikuwa na mpango. Niliapa nitakaa kimya, nione tu watakavyofanya.

Saa tatu chumba kilikuwa kizuri, kipupwe kinaingia madirishani. Walimu wote walikuwa upande wa kushoto, na yule wa darasa la pili alikuwa kati yao. Mgeni rasmi ni mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, mtulivu, anayesoma kila bango mpaka mwisho wakati wengine wanapiga makofi. Kundi la hesabu wakapita. Wa mashine wakapita, mashine yao ikagoma, wakapigiwa makofi hivyo hivyo.

Kisha Kamusi, peke yake, na bango lile la rangi mbili. Alisoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Majengo yetu yote yana joto sawa. Mwalimu Kwanini alikuwa amesimama karibu na mlango na kidole mdomoni.

Mgeni rasmi aliinama kutazama chini ya bango. Akasema majina anaona mawili, sahihi moja, mwenzake yuko wapi?

Kamusi alifungua mdomo. Mkuu akawahi.

"Kwa bahati mbaya anaumwa."

Sijui miguu ilisimama saa ngapi. Nilijikuta tu nawaona watu wote visogo, halafu nyuso.

"Mimi hapa," nikasema. "Siumwi."

Chumba kizima kikageuka. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka vibaya, nikaona nikisubiri itulie sitasema kabisa, nikasema nayo hivyo hivyo. Nilianza na kosa langu. Nilisema wiki mbili za mwanzo nilitundika kipimajoto kwenye ukuta wa jiko, kwa hiyo vile vipimo havifai, na yeyote aliyeiona grafu ya kwanza aisahau. Watu wakacheka kidogo. Nikasema tukahamisha, tukapima upya, katikati ya chumba. Nikasema bango halina namba ya uongo, ila limechanganya asubuhi na mchana. Asubuhi chumba hiki kina baridi kuliko kile. Saa nane mchana, kila siku isipokuwa ya mvua, kina nyuzi nne zaidi. Thelathini na tano kwa thelathini na moja. Na darasa la pili wanasoma humu saa nane.

Mkuu alisema, kwa upole wake uleule, kwamba inatosha, nikae.

Nilikuwa nakaa. Kweli, magoti yalishaanza kukunjika, mazoea ni mazoea. Ndipo pembeni yangu Mama akasema, bila kusimama, bila kupandisha sauti:

"Mwache amalize."

Mama. Mwenye sare za darasa la pili zilizoahidiwa kwa mdomo. Sikuthubutu hata kumwangalia, maana ningelia. Nikasimama tena wima.

Nikasema, "Ratiba ya leo ilikuwa saa nane mchana. Tumeletwa saa tatu asubuhi. Mimi nimemaliza."

Mgeni rasmi alimgeukia Mwalimu Kwanini, akamuuliza kama vipimo ni kweli. Mwalimu Kwanini alitazama viatu vyake. Aliendelea kuvitazama. Hata nikiwa mkubwa nitakumbuka viatu vile, vyeusi, kimoja kamba imelegea.

Aliyejibu ni Kamusi. Alikuwa bado amesimama pale mbele na fimbo ya kuonyeshea. Alisema, "Ni kweli. Vya saa nane vingi nimesoma mimi." Akaweka fimbo chini, akarudi kukaa.

Mgeni rasmi aliandika kitu kwenye kitabu chake kidogo. Akasema asante. Basi. Wakaitwa wanaofuata. Mimi nilidhani dunia itasimama, kumbe dunia ina ratiba.

Vyeti viligawiwa, sikuitwa. Barua ziligawiwa, sikuitwa. Kamusi aliitwa, akapewa. Alipopita safu yetu alikuwa ameikunja ndogo sana mkononi. Nilitaka kumchukia, nikajaribu kweli, ikashindikana.

Tulitembea mpaka kwenye kona yetu. Hapo Mama akasema mimi nina kichwa kigumu, na kwamba hajui nimekitoa wapi. Kitinda akasema, "Kwako." Tukacheka watatu, mpaka watoto wa mtaani wakatushangaa.

Jumapili, tarehe 28

Kufua.

Jumatano, tarehe 31

Karani alipita kuchukua sketi yake. Mkuu hajasema lolote kuhusu sare, ndiyo wala hapana. Mama anaendelea na za darasa la kwanza. Kuhusu Mwalimu Kwanini, amesema mkataba amepewa, wa shule nyingine. Sikuuliza ni ipi.

Jumatatu, tarehe 5

Shule zimefunguliwa. Mkuu aliniona mstarini, akaitikia salamu yangu, akapita. Nikamwona amechoka.

Kwa shule ya sayansi, bila barua kuna mtihani wa kuingia. Wanafanya mamia, wanachukua arobaini. Fomu nimeijaza leo mchana kwa kalamu, herufi kubwa. Nitaufanya kama watu wengine, na nitaupita, na nikiupita hakuna atakayesema nilibebwa.

Kitinda alirudi saa kumi, soksi moja juu moja chini. Darasa lao ni lile lile, mabati ya bluu yale yale. Nilimsubiri anywe maji ndipo nikamuuliza kama leo alisinzia. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama alipigishwa magoti.

Akaniangalia kama mimi ndiye wa darasa la pili.

"Hapana. Tulisinzia wengi. Mwalimu akasema tubebe madawati tukasomee kivulini. Akasema ni joto, si sisi."

Nikamwambia arudie. Akarudia, kwa sauti, mpaka Mama akasimamisha cherehani.